Besi ya Mninga

Anayeagiza gitaa la besi kwa fundi huwa ni watu wawili ndani ya shati moja. Wa kwanza anataka chombo ambacho mwenzake hana: mbao aliyoichagua kwa macho yake, shingo inayojaa kiganjani mwake barabara, rangi isiyoning'inia katika duka lolote. Wa pili anataka kulipa bei ya sokoni Kariakoo. Hawa wawili hawajawahi kuketi wakasikilizana, na ugomvi wao humwangukia fundi, ambaye alidhani ameitwa kwa ajili ya mbao tu.

Nayasema haya nikiwa mpiga besi wa bendi ya ukumbini hapa Dar es Salaam, mwenye besi iliyoundwa na fundi samani. Naipiga mpaka leo. Wapigaji wenzangu wakiishika huanza kwa kuisifu, halafu huuliza bei, halafu huuliza kama huyo fundi anaweza kuwaundia na wao. Swali la nne, ambalo ndilo lenye maana, hawaliulizi: siku ilipotoka kwa fundi, ilikuwa inapigika?

Haikuwa inapigika. Ilikuwa inapendeza.

Gitaa la besi la umeme lilianza likiwa kinyume kabisa cha oda. Mwaka 1951, mjini Fullerton, California, Leo Fender alitoa besi aliyoiita Precision. Fender hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio, na aliliangalia gitaa kwa jicho la mtu aliyezoea kufungua kifuniko, kutoa kilichokufa na kuweka kingine. Shingo aliifunga kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne. Ikiharibika, fungua, weka nyingine. Jina lenyewe lilikuwa tangazo la biashara. Ile besi kubwa ya kusimama haina freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingoni, na mpigaji huitafuta noti kwa sikio na mazoea, lakini hii mpya ilikuwa na freti, kwa hiyo kidole kikishuka mahali pake noti inatoka ilivyo. Usahihi huo haukutokana na kipaji cha fundi mmoja mwenye mikono ya dhahabu. Ulitokana na vipimo vilivyochongwa mara moja vikatumika kila siku, na wafanyakazi waliorudia kazi ileile asubuhi hadi jioni mpaka mikono ikaikariri.

Besi ya bei ya chini inayouzwa Kariakoo leo, iwe ya China au Indonesia, ni mjukuu wa wazo hilo. Mifereji ya freti zake imekatwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, isiyochoka wala kukumbuka kwamba kesho ni sikukuu. Huenda pikapu, zile zinazonasa sauti ya nyuzi, zikawa hafifu na funguo za kukazia nyuzi zikalegea katikati ya wimbo. Ila freti ya 12 itakuwa mahali pa freti ya 12, maana iko hapohapo kwa maelfu ya dada zake.

Gitaa la oda halina dada. Ni la kwanza na la mwisho la aina yake, na yote ambayo kiwanda kilijifunza kuanzia gitaa la kwanza mpaka la mia, fundi wako anajifunza katika hilohilo moja, kwa mbao yako na kwa fedha yako. Fundi cherehani anayekushonea suti ameshashona mamia kabla ya kukuona. Mwili wako ndio mgeni kwake, suti si ngeni. Kwa fundi wa besi ya bei nafuu, mwili ni mgeni na suti pia ni ngeni.

Wenye kuunda besi za oda kwa bei kubwa wanalijua hili vizuri. Kampuni ya Alembic, nayo ya California, ilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipomuundia Jack Casady wa Jefferson Airplane besi yake, na tangu hapo besi zake zimekuwa za watu wenye mfuko. Mteja anayelipa bei ya namna ile halipii mbao adimu na vyuma vya kung'aa peke yake. Analipia makosa yaliyokwisha kufanyika katika magitaa ya watu waliomtangulia.

Sasa ukiitaka bei ishuke, ni nini hasa kinachoshuka? Mbao haishuki sana, kwa kuwa besi moja haili zaidi ya ubao mmoja mzuri na vipande vya pembeni. Vyuma vinashuka kidogo. Kinachokatwa ni saa za kazi, na hazikatwi za mwanzo. Saa za mwanzo zinaonekana: kupasua, kuchonga umbo, kupiga msasa, kupaka vanishi. Mteja akipita karakanani anaziona, anapiga picha, anawatumia marafiki. Zinazokatwa ni za mwisho, zile ambazo fundi angekaa ameinama juu ya shingo akitafuta kitu chembamba kuliko ukucha. Hakuna anayepiga picha ya hizo.

Nilimchagua fundi wangu kwa sababu ya droo. Karakana yake iko Keko, huku ambako watu wa Dar es Salaam huja kununua vitanda, makochi na makabati, na droo zake zilikuwa zinaingia bila kusukumwa na goti. Nikaona mtu anayefunga kona namna ile hashindwi na gitaa. Tukakubaliana: kiwiliwili cha mninga, shingo ya vipande vitatu vya mtiki vilivyogundishwa pamoja, na ubao wa vidole wa mpingo. Pikapu, funguo, daraja, waya wa freti na chuma cha ndani ya shingo niliagiza China kupitia wakala. Vitu hivyo vidogo vinavyoingia katika mfuko mmoja vilikula zaidi ya nusu ya bajeti, na hapo ni vya daraja la kati.

Mpingo ulinisumbua kuliko vyote. Ulimwengu unaujua kwa klarineti na oboe, sisi tunaujua kwa vinyago vya Wamakonde, na kazi zote hizo zinatosheka na kipande kifupi. Ubao wa vidole wa besi ya kawaida, ambayo uzi wake una inchi 34 kutoka nati, kile kipande cha mfupa kinachopokea nyuzi kichwani, hadi daraja, unataka sentimita 60 na ushei zilizonyooka, bila ufa wala jicho. Mpingo hauoti hivyo. Shina lake ni fupi, limejipinda, na mti wenyewe huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa. Kipande nilikipata kwa mchongaji mmoja wa Mwenge aliyekuwa amekitenga kwa kazi yake, naye akaniuliza mara mbili kama kweli nakwenda kukipasua kiwe ubao wa milimita sita. (Anayetazamia kuvuka mipaka na mbao hii ajue kwamba jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 2017. Ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa kibali mwishoni mwa 2019. Gogo na ubao mtupu havikusamehewa.)

Je, mbao hizo zinasikika katika sauti? Wapo watakaokuapia kwamba mninga una joto na mpingo una ukali. Mimi, baada ya miaka ya kusimama mbele ya spika, naamini pikapu, nyuzi na vidole vya mpigaji vinasema mengi kuliko mbao. Mbao inasema begani. Mninga mkavu una kilo 600 na zaidi kwa mita moja ya ujazo, ilhali alder, mti wa Marekani unaotumika katika besi nyingi za Fender, unakaribia 450. Katika kiwiliwili cha besi tofauti hiyo hufika karibu kilo moja. Karakanani kilo moja si kitu. Ivae kuanzia saa tatu usiku mpaka saa nane, ndipo utakapojua uzuri wa mninga unalipiwa wapi.

Fundi nilimpelekea mchoro wa ukubwa halisi pamoja na umbali wa kila freti. Umbali huo hauna siri. Chukua urefu wa uzi, gawa kwa 17.817, hapo ndipo panapokaa freti ya kwanza. Unachobakiwa nacho gawa tena kwa namba hiyohiyo, umepata ya pili. Endelea hivyo mpaka ya 20. Uzi wa milimita 864 unaweka freti ya kwanza milimita 48.5 kutoka kwenye nati, na ya 12 inaangukia katikati kabisa, milimita 432. Siku ya kukagua alama za penseli nilikuta ya 12 imesogea.

"Fundi, hapa kuna milimita mbili."

"Bosi, milimita mbili kwenye kabati hata mwenye kabati hazioni."

"Kwenye besi zinasikika."

Akapima, akapima tena, akaigeuza futi yake na kutazama ncha. Kile kibati cha mwanzo, cha kushikia ukingo wa ubao, kilikuwa kimelegea na kuliwa na miaka ya kazi. "Basi nipe rula yako," akasema, "hii yangu imekula mwanzo."

Amejenga makabati kwa futi hiyo miaka mingi, na kabati halidai kitu, kwa kuwa kila ubao unapimwa kwa futi ileile na kosa linajifuta lenyewe. Besi inapimana na ulimwengu wa nje. Milimita mbili pale kwenye freti ya 12 ni karibu asilimia nane ya nusu toni, na mpiga kinanda aliye pembeni yako hatakusaidia kuzificha. Tulizisahihisha kabla msumeno haujagusa mpingo.

Kwenye shingo napo tulikuwa karibu kuumia. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinavuta kwa pamoja kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, usiku na mchana, hata besi ikiwa ndani ya begi. Kwa hiyo ndani ya shingo hupitishwa chuma kinachokazwa na kulegezwa kwa ufunguo mdogo, ili mvuto huo upate wa kushindana nao. Wazo hilo lina hati miliki ya mwaka 1923 ya Thaddeus McHugh, aliyekuwa mfanyakazi wa Gibson. Fundi wangu alipokiona chuma alikichukulia kuwa ni nondo ya kuimarisha, na nilimkuta na chupa ya gundi mkononi akijiandaa kukijazia mfereji mzima kisitikisike. Kingegandishwa, shingo ingebaki na mpindo wake wa kuzaliwa mpaka mwisho wa maisha yake.

Haya yote yaliokolewa kwa sababu nilikuwepo. Lakini freti zilipigwa siku ambayo sikuwepo.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fedha yote ya besi ilipo. Katika besi iliyo sawa, uzi mnene unaelea juu ya freti ya 17 kwa milimita mbili na nusu hivi, na shingo imeinama kwenda mbele kidogo mno, robo ya milimita au theluthi, ili uzi upate nafasi ya kutikisika. Sasa chukulia freti moja imesimama juu ya wenzake kwa unene wa karatasi mbili za daftari. Bonyeza uzi freti moja nyuma yake: uzi utaigonga ile iliyosimama, na mahali pa noti utapata mkwaruzo. Fundi wangu ana vidole vinavyohisi punje ya vumbi chini ya vanishi. Freti iliyosimama hakuihisi, kwa kuwa katika maisha yake hakuna kilichomfundisha kuitafuta. Alizipiga kwa nyundo mpaka zikaingia, akaona zimeingia, akahamia kwenye rangi. Na rangi, wallahi, aliipatia. Mninga ule ukipigwa na taa za jukwaani unatoa wekundu unaotembea, na nyuma ya kiwiliwili aliunganisha vipande viwili ambavyo mpaka leo sijaona mshono wake.

Nikaichomeka kwenye amplifaya. Uzi wa E ulikwaruza kwenye noti ya G, ambayo nusu ya nyimbo zetu zinaishi hapo. Uzi wa D ulikufa kabisa kwenye freti moja ya juu na kutoa sauti ileile katika freti mbili zinazofuatana. Ncha za freti upande wa chini zilikuwa kali, na mkono ukiteleza haraka ulirudi na mikwaruzo. Isitoshe, ilikuwa inavuma, mvumo usionyamaza hata ukigusa nyuzi, dalili kwamba waya wa kupeleka umeme ardhini haukufika kwenye daraja. Huo wa mwisho ni ugonjwa wa waya mmoja na risasi ya kulehemia; nauacha.

Freti zilikwenda kwa fundi mwingine, mtu wa magitaa tu, ambaye hawezi kutengeneza hata stuli. Alilegeza nyuzi, akaikaza shingo mpaka ikanyooka kwa rula ya chuma, akapaka wino wa kalamu nene juu ya freti zote, kisha akapitisha tupa ndefu iliyonyooka kwa mwendo mmoja, bila kukandamiza. Freti zilizosimama ziling'aa mara moja. Zilizolala zilibaki nyeusi. Akaendelea mpaka wino ukaguswa kwenye kila moja. Kazi haikuishia hapo, kwa sababu freti iliyopigwa tupa inakuwa bapa juu, na uzi unataka kukaa juu ya mgongo mwembamba. Kwa hiyo akachukua tupa ndogo yenye mbonyeo na kuirudishia mgongo kila freti, moja moja, halafu ncha, halafu msasa wa maji kuanzia mnene hadi laini, halafu sufi ya chuma. Alipomaliza, zilikuwa zinateleza. Malipo yake yalikaribia theluthi ya alichopata seremala kwa gitaa zima, na yalikuwa halali yake.

Hata hivyo mbao ilikuwa bado na neno. Bendi ilialikwa Dodoma, na Dodoma si Dar es Salaam. Hewa yetu ya pwani imejaa maji, na mbao iliyokaushiwa karakanani Keko inakuwa kavu kwa kiwango cha Keko. Ikipelekwa kwenye ukavu wa bara inaendelea kunywea, tena inanywea kwa upana, si kwa urefu. Ubao wa vidole ukipungua upana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, freti za chuma hazipungui nao. Asubuhi ya siku ya pili ncha zilikuwa zimechomoza tena upande wote. Ukumbi wenye kiyoyozi unafanya jambo hilohilo, ila polepole. Viwanda vikubwa hulipia tanuri za kukaushia mbao na vyumba vya kuipumzisha kabla ya kuichonga; fundi samani hukausha kwa kuegemeza ubao ukutani na kungoja, na mteja mwenye haraka hufupisha hata huko kungoja.

Wazee wa muziki wa dansi wakinisikia nikilalamika juu ya ncha za freti hucheka. Wao walipiga vyombo vya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa ya shirika la jiji. Jeshi, polisi, bima na viwanda, wote walikuwa na bendi, na gitaa lilikuwa mali ya ofisi, sawa na meza na taipureta. Mwanamuziki akihama bendi aliondoka na vidole vyake, besi ikabaki kwa atakayekuja. Ungekuta shingo imepinda, ungejifunza kupiga shingo iliyopinda. Kutaka chombo kiufuate mwili wako ni matarajio mapya, na yamekuja kwetu kwa njia ya picha za simu.

Hoja hiyo ina uzito, lakini isitumike kumfunika fundi. Wanaoitoa hupenda kutaja mabingwa. James Jamerson wa Motown, aliyepiga besi katika rundo la nyimbo zilizoitikisa Marekani miaka ya 1960, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi zilizokaa juu sana, na nyuzi zenyewe hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Paul McCartney alinunua Höfner yake Hamburg mwaka 1961 kwa pauni 30 hivi, kwa kuwa Fender ilikuwa inauzwa kama pauni 100, na kwa kuwa umbo lake linalofanana pande zote mbili halikumfanya mpigaji wa mkono wa kushoto aonekane kichekesho. Ni kweli, walivumilia. Ila angalia walichovumilia: uzito wa nyuzi, wembamba wa sauti, umaskini wa vyuma. Freti za Jamerson zilikuwa mahali pake. Shingo ya ile Höfner ilikuwa shingo. Mpigaji anaweza kuuzoea ugumu, na akiuzoea unakuwa lahaja yake. Noti isiyokuwepo haizoeleki.

Anayenifundisha zaidi ni fundi Misoko Nzalayala wa Kinshasa, anayejulikana kwa jina la Socklo, ambaye kwa miaka mingi ameunda magitaa na besi kwa mbao na vitu anavyovipata jijini mwake, kwa bei ambayo mwanamuziki wa mtaani anaweza kuifikia. Hakuna atakayeyachanganya na ya Fullerton. Sauti yake ni kavu, umbo ni la mkono, na bendi za Kinshasa zimeyapeleka majukwaani hivyohivyo. Yeye naye ni wa bei nafuu na wa oda. Tofauti ni kwamba ameunda, akaunda, akaunda tena, na anayekwenda kwake anajua anakwenda kuchukua gitaa la Socklo. Hamwoneshi picha ya besi ya Kimarekani na kumwambia, "Nataka kama hii, ila punguza."

Sisi ndivyo tunavyofanya. Tunafanya hivyo Keko na tunafanya hivyo China, kwenye zile karakana zinazopokea mchoro wako na kukurudishia picha safi iliyopigwa chini ya taa nyeupe. Picha ina mbao, ina rangi, ina vyuma vya kung'aa. Haina kimo cha freti. Mzigo ukishapita bandarini na ushuru ukalipwa, kuurudisha ni ndoto, na hata huko hukuwa na mkaguzi zaidi ya macho yako kwenye kioo cha simu. Kwa besi ya dukani, kati yako na kiwanda wapo watu kadhaa waliolipwa kuikataa ile mbovu. Ukiagiza mwenyewe, watu hao wote ni wewe.

Nilipomrudia seremala nikamweleza yaliyotokea kwenye freti, hakujitetea wala hakukasirika. Alisikiliza, akaitaka besi, akapitisha kidole juu ya freti zilizotengenezwa, taratibu, kama asomaye. "Ungeniambia hii ndiyo kazi," akasema, "ningekutajia bei ya hii, na kuchonga ningekuchongea bure." Tulipopatana bei mara ya kwanza tulipatana mbao, umbo na rangi. Freti hazikutajwa kwa bei. Zilitajwa kwa idadi tu.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mpango wa kuagiza, peleka rula ya chuma yako mwenyewe na usimtumie fundi picha bila vipimo. Ulizia mbao imekaa ndani muda gani baada ya kupasuliwa, na besi yako itaishi mkoa gani. Lipa kwa awamu, na awamu kubwa iwe ya mwisho, siku unayoipiga freti moja baada ya nyingine, uzi baada ya uzi, ikiwa imechomekwa kwenye spika, si siku unayoitazama. Tenga fedha ya fundi wa freti kabla hujachagua rangi, hata kama seremala anakuapia kwamba hatahitajika. Mkwaruzo wa vanishi, tundu la skrubu lililozibwa vibaya, kichwa kilichozidi upana kidogo, hayo msamehe. Shingo, freti, nati na mstari wa daraja usisamehe hata kimoja, kwa kuwa vinne hivyo ndivyo besi. Vingine ni fanicha.

Na kama unachohitaji ni besi ya kupigia kanisani Jumapili hii, nenda Kariakoo ukanunue ya kiwandani, mpe fundi wa freti aiguse kidogo, urudi nyumbani. Sisemi kwa dharau. Kwa fedha ileile utapata chombo bora zaidi.

Mimi ya mninga siiuzi. Dodoma nimeshakwenda nayo tena, ncha zikiwa zimepunguzwa kwa tupa, na hazikunidhuru. Fundi wa Keko sasa ana oda yangu ya pili, ya nyuzi tano, kiwiliwili cha mti mwepesi zaidi. Amenunua rula mpya ya chuma na tupa ndefu, na ubao wa shingo ameuegemeza ukutani, amekataa kuugusa kabla ya kiangazi kuisha. Bei ameipandisha, na safari hii sikumwomba apunguze.